Vidole Visivyosikia Moto

Mwanatumu alisikia harufu ya nyama inayoungua.

Akafunua chungu. Wali tu. Akatazama nyuma yake. Hakuna kitu.

Ndipo alipoutazama mkono wake wa kulia. Vidole vitatu vilikuwa vimelalia kaa la moto, ngozi inafuka moshi, na yeye hasikii lolote.

Hakupiga kelele. Aliuvuta mkono, akaufunga kitambaa.

Ndugu zangu, haya yalitokea Msambweni mwaka 1957, na huyo Mwanatumu hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule walipokelewa na mkono huo huo.

Miaka sita nyuma uvimbe ulimwota kwenye titi la kulia. Kaka yake Chirau, baharia wa meli ya abiria, akampeleka Bombay. Huko madaktari wakamlaza chini ya mashine ya miale, siku baada ya siku, mpaka ngozi ya kifua na kwapa ikawa nyeusi. Uvimbe ukaisha. Akarudi mzima, akasomewa maulidi.

Basi nani angeifikiria tena Bombay?

Ganzi ilianza kwenye kidole gumba, Ramadhani ya mwaka uliotangulia. Kisha yakaja maumivu ya kuwaka, toka bega hadi kiganja. Kisha vidole vikaanza kuachia vitu. Kikombe. Sindano. Ufagio.

Na ganzi ile ilianza wiki ile ile mke mwenzake, Biasha, alipomletea sahani ya kaimati.

"Ni yeye," Mwanatumu alimwambia mume wao, Mbwana. "Kanitilia kitu. Chagua, mimi au yeye."

Mbwana alikuna kichwa siku mbili tatu. Mwisho akasema, "Ijumaa baada ya swala nitampa talaka yake."

Biasha akaanza kufunga mizigo. Hakulia mbele ya mtu.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, Mwanapili, binti wa pekee wa Mwanatumu, akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza.

Mwanatumu alikuwa amelalamikia maumivu tu; hakuwa amemwambia yeyote jinsi mkono ulivyokufa. Mkunga asiye na mkono ataitwa na nani? Akatandika mkeka, akamfunika binti yake leso, akaanza dua. Mambo yakaenda vizuri mpaka kichwa cha mtoto kilipotoka.

Kikatoka, kikasimama hapo hapo. Uso unageuka zambarau.

Kwa mkono wa kushoto alishika kichwa, maana wa kulia ungekiachia. Kwa wa kulia akapitisha vidole shingoni kutafuta kamba ya kitovu. Hakusikia kitu. Akabonyeza tena. Wapi!

"Mama, mbona umenyamaza?" Mwanapili alilia. "Mama!"

Nyumba nzima ilikuwa na mwanamke mmoja tu mwingine. Alikuwa chumba cha pili, akikunja nguo zake.

"Biasha!"

"Biasha, njoo! Kwa jina la Mungu!"

Biasha akasimama mlangoni. "Si mimi mchawi? Waniitia nini?"

"Mkono wangu hausikii. Mtoto anakufa. Niazime vidole vyako."

Biasha alinawa upesi kwenye ndoo, akapiga magoti.

"Pitisha kidole nyuma ya shingo. Wasikia nini?"

"Kamba. Imekaza. Inadunda."

"Usivute! Ingiza kidole chini yake. Taratibu. Ilegeze, uipitishe juu ya kichwa."

"Haiji, dada."

"Itakuja. Uchungu upite kwanza... Haya, sasa!"

"Haiji... ngoja... imetoka! Imetoka!"

"Sukuma, mwanangu!"

Mtoto akatoka. Kimya. Biasha akamfuta mdomo, akampiga nyayo. Hola. Akampiga tena. Hola. Mara ya tatu akalia, na sauti ikamfikia Mbwana barazani.

Ijumaa ilipofika, Mwanatumu alimwambia mumewe neno moja. "Ngoja."

Vidole vilivyoungua vilikuwa vimeoza, ikabidi aende hospitali. Daktari alimkagua toka vidole mpaka bega, kisha akauliza, "Ngozi hii nyeusi kwapani umeipata wapi, mama?"

Akamweleza habari za Bombay. Daktari akaandika barua kule. Majibu yalichukua miezi miwili.

"Si wewe peke yako," alimwambia. "Wako wanawake wengine. Miale ile iliua ugonjwa, lakini ilipita kwenye mishipa ya fahamu ya mkono. Hiyo huharibika polepole, hata baada ya miaka mitano, sita. Sisi wenyewe ndiyo kwanza tunajifunza."

"Mkono utarudi?"

"Sikudanganyi, mama. Hautarudi."

Mwanatumu alilia njia nzima, na si kwa ajili ya mkono.

Alipofika nyumbani alimwita Biasha, akasema yote mbele ya Mbwana, akaomba radhi. Mbwana akashusha pumzi, akacheka. "Alhamdulillahi! Basi yameisha. Hakuna wa kuondoka."

"Yuko," Biasha akasema. "Dada alikuwa anaumwa, na alikuwa na hofu. Nimemsamehe. Wewe ulikuwa mzima, na hukuniuliza hata neno moja. Nipe talaka yangu."

Alihamia kwa nduguye Matano, nyumba ya tatu kutoka hapo.

Tangu siku hiyo, aliyekwenda kuita mkunga alirudi na wanawake wawili. Mwanatumu alisema, Biasha akashika. Hata ikafika siku Biasha hakuhitaji tena kuambiwa.

Wewe unayeumwa, kabla hujamtaja jirani, mwambie daktari kila ulichowahi kutibiwa, hata kama ni zamani na ulipona. Na wewe uliye mzima, ukiletewa jina la mtu, muulize mwenyewe kwanza.

Mbwana aliishi miaka mingi akijitetea kwamba hakujua.

Hakuuliza.