Fundi Kushoto Ndani ya Faili la Mahakama

Hebu mwone akiingia masijala ya mahakama: mama wa makamo, tepu ya kupimia ingali shingoni, kasahau kuivua. Mtaani kote anaitwa Fundi Kushoto. Jina lake la kwenye kitambulisho hata mwenye nyumba wake halijui.

Watu wanadhani alizaliwa akitumia mkono wa kushoto, naye huwaacha wadhani. Binti yake aliyeko chuoni pia huandika kwa kushoto, na hujisifu kwa wenzake kwamba karithi kwa mama. Maskini, alikuwa akimwiga tu tangu anatambaa.

Ukweli Fundi aliusema mara moja, mbele ya hakimu, miaka kumi na minane iliyopita alipodai talaka: mumewe aliubana mkono wake wa kulia chini ya pasi ya moto. Hakimu akauliza, sasa unashonaje? Akajibu kwamba anatumia wa kushoto, mpaka watu wanamwita Fundi Kushoto. Ikaandikwa vilevile.

Mwaka huu mafaili ya zamani yamewekwa mtandaoni, apendaye asome. Juzi mwalimu mmoja alikuja kuchukua sketi, akamshika bega. "Pole, dada, kwa ile pasi." Kesho yake mwanamume mmoja mwenye mdomo akatupa suruali mezani, akasema yeye ashonewe tu, pasi atajipigia mwenyewe nyumbani. Wenzake aliokuja nao wakacheka. Fundi akampima kiuno.

Karani alimpokea vizuri, hilo tusimnyime. Akamgeuzia kompyuta aone: majina yote yametolewa, zimebaki herufi mbilimbili.

"Umeona, mama? Jina lako tumelificha."

"Mmeficha lile wasilolijua, mwanangu. Wanalolijua mmeliacha."

Karani akakuna kichwa. Kanuni, akaeleza, inataja majina; lakabu haimo. Ila anaweza kuomba: ajaze fomu, aandike maneno anayotaka yaondolewe, na sababu. Fundi akauliza fomu hiyo inakwenda wapi. Akajibiwa inaingia kwenye faili, na faili liko mtandaoni.

Binti anafunga chuo Ijumaa, na simu haimtoki mkononi.

Basi Fundi amekaa kwenye benchi la korido, fomu mapajani. Akiijaza, anajianika mara ya pili. Akiiacha, mtoto atasomewa na watu. Na kumwambia mwenyewe, amvue hicho anachojivunia, hilo amelikwepa miaka yote kumi na minane. Ungekuwa wewe pale kwenye benchi, ungeshika lipi?