Mzee Aliyeoteshwa Nywele

Mie ni mtu wa ndani. Hapa Kiwalani wananitania kwamba jua likitaka kuniona hupiga hodi. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi kwenye kochi, na kazi yangu moja tu ndiyo iliyowahi kutoka nje: ubao wa mitindo ya nywele niliomchorea jirani yangu kinyozi, mlango wa pili tu.

Vichwa vya ubaoni vilikuwa vya watu wa mtaa. Mteja alikuwa anasema, "Ninyoe kama muuza chipsi." Pembeni kabisa nilimchora kwa utani baba yake kinyozi, mzee wa kipara aliyeshinda kwenye benchi la saluni. Mzee mwenyewe akaupenda. Mteja akichelewa kuchagua, mzee anagonga kile kipara chake cha rangi pale ubaoni: "Chagua upesi kijana, mwisho wako ni huu."

Mwaka jana mzee akatutoka. Juzi kinyozi kaupiga picha ubao wangu, kaulisha akili mnemba iung'arishe, kachapisha bango. Nilipoliona kupitia dirisha, nilitoka. Ndiyo, kwa miguu yangu.

"Weee, umetoka? Leo itanyesha!" kinyozi akacheka.

"Ubao wangu uko wapi?"

"Usinune, braza. Nimeutumia kuzibia banda la kuku. Ona hawa wanavyong'aa! Wewe ulinichukulia mwezi mzima, hii dakika moja. Tena masikio yanalingana."

La masikio liliniuma, maana ni kweli.

Nikalitazama bango. Wote wazuri, kama wanatangaza dawa ya meno. Muuza chipsi kakondeshwa. Na mzee? Mashine ilidhani kipara ni kasoro, ikamwotesha nywele. Nyeusi, nyingi, za kulaza upande.

Mjane wa mzee akafika, kamletea mwanawe chakula cha mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Macho yalikuwa bangoni. "Baba yenu yuko wapi hapa?"

Kinyozi akamwonyesha kwa kidole, taratibu.

"Huyu? Huyu hajanioa mimi."

Nikajisikia mshindi. Ubao ukaletwa na uchafu wake wa kuku, mama akaufuta kwa ncha ya kanga, polepole, akaanzia kwenye kipara. Kisha akanigeukia.

"Sikio umelivuta kama la sungura. Kuchora kwenyewe hujui." Akafuta tena. "Lakini ndiye."

Akaubeba kwenda nao kwake. Hakutuuliza.

Bango limebaki. Vijana wanaingia wanaonyesha yule wa pembeni: "Nataka hiyo." Wananyolewa kama marehemu ambaye hakuwa na unywele hata wa dawa, na wanatoka wamefurahi.

"Si uchore mwingine?" kinyozi ananiambia.

Nimchore nani? Aliyekuwa ananikalia benchini nimchore, akinitukana kwa kuchelewa kumaliza, hayupo. Nimefunga pazia la dirisha la upande ule. Na kazi yangu iliyowahi kutoka, nayo sasa iko ndani.