Treni za Lakiri ya Dhahabu

Harufu ninayoikumbuka ni ya mota ndogo ya umeme inapopata moto: mafuta mepesi, vumbi lililoungua kidogo, na juu yake moshi wa udi ambao arbab aliufukiza kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza kuingia. Hiyo ndiyo harufu ya baba yangu. Watoto wengine wa Al Muraqqabat, mtaa wetu wa Dubai, baba zao walirudi nyumbani wakinuka saruji au vitunguu vya jikoni hotelini. Wangu alinuka treni, na nilijivuna kupita kiasi. Mama alifanya kazi za nyumbani Al Warqa, akiondoka alfajiri, kwa hiyo shule zilipofungwa kwa ajili ya joto nilipelekwa dukani na Baba, nikakalishwa juu ya kreti nyuma ya kaunta na kuambiwa nisiguse kitu. Nilikuwa na miaka tisa. Niligusa kila kitu.

Lilikuwa duka la vifaa vya michezo na vitu vya kuchezea, ila kona ya ndani kabisa ilikuwa ya treni za mfano, zile ndogo zinazokwenda kwa umeme kwenye reli zake. Usithubutu kuziita za kuchezea mbele ya wateja wake, watu wazima wenye mvi ambao hawakuwahi kuja na mtoto. Arbab mwenyewe, tajiri wa duka, alikuwa Mwarabu wa palepale, lakini mama yake alilelewa Unguja na yeye alikisema Kiswahili chetu kwa lafudhi ya huko. Ndiyo sababu alimchukua Baba, nadhani. Alipenda kugombana na mtu kwa lugha ya mama yake.

Kiangazi hicho kiwanda kimoja cha Ujerumani kilikuwa kinasherehekea jubilei yake. Viwanda vya treni za mfano vina desturi yake: mwaka wa sherehe ukifika, kiwanda hufufua kichwa cha treni cha kwanza kabisa kilichowahi kutengenezwa humo, hukipaka rangi za sikukuu, hukigongea kibati cha ukumbusho, hukitia kwenye boksi la fahari na kuapa kwamba hakitatengenezwa tena. Kwenye mdomo wa boksi hubandikwa lakiri, karatasi ya dhahabu yenye alama ya kiwanda. Arbab aliagiza kabati zima. Zilipofika, akamkabidhi Baba funguo, akaenda zake Makka kwa umra.

Sasa lazima nieleze Baba alikotoka. Kabla ya Dubai alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya umeme Tanga, na kwetu hakuna mtu anayenunua balbu kabla haijawashwa mbele ya macho yake. Pasi inachomekwa, redio inafunguliwa mpaka iimbe, feni inazungushwa. Muuzaji asiyejaribu ni mwizi, au yuko njiani kuwa mwizi. Kwa hiyo Baba alifanya jambo ambalo kwake lilikuwa adabu ya kawaida. Alichukua kisu kidogo, akazikata lakiri zote, moja baada ya nyingine, akaweka kila kichwa cha treni kwenye reli ya majaribio nyuma ya duka, akakizungusha, akakifuta, akakirudisha boksini. Mimi ndiye niliyempa maboksi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nyekundu zile na krimu zilipita mbele yangu zikivuma taratibu, na kila moja iliyomaliza mzunguko Baba aliisindikiza kwa neno moja: “Nzima.”

Arbab aliporudi alifungua kabati, akatoa boksi moja, la pili, la tatu.

“Shomari,” akasema, “umefanya nini weye?”

“Nimezijaribu, arbab. Hakuna hata moja mbovu.” Baba alilisema kwa fahari, maskini.

“Watu hawa hawanunui treni! Wananunua boksi! Lakiri ikikatwa, khalas, hawaitaki hata bure!”

Hakumfukuza. Alisema tu, kwa sauti ya chini iliyonitisha kuliko ile ya juu, kwamba shule zikifunguliwa treni zikiwa bado kabatini, kona ile ataiwekea simu za mkononi, na Baba atahamia ghalani. Nilijua maana ya ghalani. Viza yangu na ya Mama zilisimama juu ya mshahara wa kaunta. Mtu wa ghalani analala kwenye chumba cha wafanyakazi na wenzake, na familia yake inakaa kwao. Sikutaka kuwa binti wa kusikia sauti ya baba yake kwenye simu. Nilichukia karatasi zile za dhahabu kwa chuki ambayo sijui kama nimewahi kumchukia nayo binadamu.

Mteja wa kwanza alikuwa Mwingereza mmoja mrefu, mhandisi, aliyekuwa ameagiza yake mapema. Aligeuza boksi, akaona lakiri, akaliweka chini kama mtu aliyenusa samaki wa juzi. Muuzaji wa duka la jirani akatushauri tununue gundi: ukibandika vizuri, nani atajua? Baba akamjibu kwamba yeye atajua, na jirani akaondoka akicheka. Jioni, kwenye chumba chetu cha fleti tuliyoishi na familia ya Kikenya, Mama alisikiliza habari yote huku akikanda miguu yake iliyovimba. “Mimi sirudi Tanga kwa sababu ya kipande cha karatasi,” alisema. “Hizo treni si zinakwenda?”

“Zinakwenda,” Baba akasema.

“Basi watu wazione zikienda.”

Kesho yake Baba aliomba ruhusa ya kuondoa mipira na raketi kwenye dirisha la mbele. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, Mama akaja na kitenge chake cha kijani, kizuri, cha harusini, akakitandika dirishani kiwe nyasi. Mimi nikatengeneza kituo kwa boksi la viatu na kukiandika TANGA kwa herufi kubwa. Arbab alisimama akatazama kituo, akatazama kitenge, akamtazama Mama, ambaye hakuinamisha macho. “Yalla,” akasema. “Washa.”

Adui wetu alikuwa vumbi. Mchanga wa Dubai unapenya hata kwenye duka lililofungwa vioo, na chembe moja juu ya reli inatosha kuisimamisha treni. Kazi yangu ikawa kufuta reli kwa kitambaa chenye spiriti, asubuhi, adhuhuri na jioni, mpaka vidole vikachubuka na kuwasha. Sikulalamika. Kila treni iliposimama niliona mimi na Mama tuko uwanja wa ndege, nikafuta tena. Jioni, joto likipungua, familia zilitoka kutembea Deira na watoto wakagandisha nyuso zao kwenye kioo. Wenye mvi hawakuja. Walikuja kina baba wa kawaida, mama mmoja wa Kiarabu na wanawe waliokataa kuondoka, mhasibu wa Kihindi aliyekuwa anakwenda likizo kwao. Kila mmoja alichaguliwa boksi, na Baba alilijaribu tena mbele yake. Hata yule Mwingereza alirudi. Lake alikuwa amelipata kwingine, limefungwa, na alikiri kwamba hajui hata linavumaje. Alisimama dirishani kwa muda mrefu, kisha akanunua moja ya kuendesha.

Wiki ya kufunguliwa shule likabaki boksi moja. Moja tu, na kwa ahadi ya arbab moja lilitosha kutumaliza. Siku ya mwisho haikuingia familia hata moja. Nilifuta reli huku nikilia, bila kuacha kufuta. Arbab akanijia, akainama mpaka magoti yakalia, akakiokota kichwa kile cha treni kutoka relini.

“Hii n'tachukua mie,” akasema. Kisha akaniuliza, “Skuli yenu yafunguliwa lini?”

“Kesho, babu.”

“Basi kalale mapema.”

Siku hizi pale dukani panauzwa simu. Wakati uliushinda ukaidi wetu, lakini baada ya miaka mingi, nami nilikuwa nimemaliza shule. Nimerudi Dubai kwa kazi yangu mwenyewe. Kiwanda kilekile kimefanya jubilei nyingine, nami nikainunua treni yake kwenye duka kubwa la vioo na marumaru. Nilipomwambia muuzaji, kijana wa Kenya, anijaribie, alishtuka. “Madam, ukikata hiyo seal value inashuka, si unajua?” Nilimwambia akate. Ikatokea kwamba duka zima, lenye treni mpaka darini, halikuwa na kipande cha reli cha kujaribia. Alikitafuta stoo mpaka akakipata, na ilipovuma, wauzaji wenzake waliacha kazi wakaja kutazama.

Niliipeleka mwenyewe Tanga, alikorudi Baba uzeeni. Macho ya Baba hayaoni vizuri tena. Alilipokea boksi mapajani, akapapasa kuta zake, akafika mdomoni, na kidole chake kikasimama pale karatasi ilipochanika.

“Nzima?” akauliza.

“Nzima, Baba.”