Vidonge vya Mama Mkwe

Kiti cha msusi mmoja kilikuwa hakikosi mtu, mpaka msimu wa mafua ulipoingia na mama mkwe wake akaja kukaa nao.

Alikuja na begi moja la nguo na jingine la makopo: unga wa majani ya mlonge, tangawizi ya kusaga, vidonge vya kitunguu saumu. Kila asubuhi, msusi hata uso hajanawa, kikombe kinamngoja mezani, kijani na kizito kama rangi ya ukuta.

"Kunywa, mwanangu. Wewe unashika vichwa vya watu kutwa nzima. Usipojenga kinga, utatuletea mafua humu ndani."

"Mama, si nilikunywa jana?"

"Jana imepita."

Angemkatalia vipi mama wa mumewe? Akanywa, akasindikiza na vidonge viwili, akaenda kazini tumbo likinguruma.

Kusuka nako ni kazi ya kupumuliana. Alikuwa amemwinamia mwalimu mmoja, mteja wake wa miaka, anagawa nywele za utosini, mbweu wa kitunguu saumu ukamponyoka. Mwalimu akaruka na kitana kichwani.

"Dada, umekula nini leo?"

"Samahani, ni dawa. Ya kuongeza kinga."

"Basi inafanya kazi kweli. Hata mimi nataka kukukimbia."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Msusi naye alicheka, lakini cha meno tu. Safari iliyofuata mwalimu alikaa kiti cha msusi mwenzake, akajifanya anasoma simu.

Jioni hiyo alimgeukia mumewe. "Ongea na mama yako."

"Si unywe tu, mke wangu? Majani tu yale."

"Haya, kunywa wewe."

"Mimi yananipa kiungulia."

Na mafua yakampata vilevile. Aliamka kichwa kinagonga, macho yanachuruzika. Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Uliruka siku."

"Sikuruka, mama."

"Basi ulikunywa bila kuamini."

Hapo uvumilivu ukamwishia. "Mama, mafua hayamuulizi mtu anaamini nini! Naomba maji ya moto, matupu, halafu niacheni nilale."

Mama mkwe akatoka. Baadaye akarudi na kikombe, akakiweka taratibu kando ya kitanda. Maji yalikuwa ya kijani.

Msusi akageukia ukutani alie kwa hasira, lakini pua ilivyoziba, hata kilio chenyewe kilikwama.

Nesi wa zahanati alimwambia apumzike na anywe maji kwa wingi, mafua yataondoka yenyewe. Yakaondoka. Siku ya kwanza aliyopata nguvu alikuwa uani anaanika nguo, vibanio amevibana kwa meno, akamsikia mama mkwe akimwambia jirani, "Mlonge wangu ndio umemwinua. Ungemwona! Alikuwa hoi."

Akaharakisha kuvitema vibanio aseme neno. Jirani alikuwa keshaomba kopo lake.