Mteremko Nilioupunguza Bei

Wenye simu mmeshaiona ile video, kwa hiyo sina cha kuficha: yule mama anayerudi kinyumenyume na kuishia kwenye chokaa ni mimi, Mama Zaituni wa Zuzu. Ina sekunde kumi na tisa. Nimezihesabu mara mbili, na mara zote mbili nimeanguka palepale.

Tatizo langu ni kwamba kila kitu mimi napatana bei. Miaka ishirini na mbili nimeuza vitunguu sokoni mjini (hata siku ya posa yangu niliwasikia wajomba kule Kondoa wakitaja mahari, nikaona wamekubali mapema mno), kwa hiyo nilipojenga ukumbi wangu wa sherehe, na mkaguzi wa majengo akaja kuniambia kwamba kwa kila sentimita ya kupanda mlangoni lazima niweke sentimita kumi na mbili za njia ya kitimwendo, mimi nilichosikia ni bei ya kuanzia.

Mlango wangu una ngazi tatu, nusu mita kamili. Mara kumi na mbili, mita sita, na mita sita zinaishia katikati kabisa ya pale nilipopanga kuweka banda la nyama choma. Nikamwambia, "Mwanangu, kumi na mbili ni nyingi. Tumalizane kwenye sita."

Akacheka. "Mama, hizi siyo nyanya."

Hapo ndipo nilipojiponza, maana sokoni mtu akicheka ujue ameshalegea. Nikamwita fundi, nikampa mita tatu, tena nikamwambia aung'arishe mteremko kwa niru nyekundu, ile saruji laini ya kusuguliwa juu, ili upendeze kwenye picha. Alipomaliza alisimama mbali kidogo, akautazama, akasema, "Mama, hapa umejenga paa." Nikamwambia akusanye vifaa vyake aende.

Jumanne mkaguzi akarudi ili anipe kibali. Nami, kwa kujionyesha tu, nilikuwa nimeialika kamati ya sendofu ya kumuaga bibi harusi mmoja, wateja wangu wa kwanza, waje washuhudie karatasi ikisainiwa, kwa sababu sherehe yenyewe ilikuwa Jumamosi ya wiki ileile. Walipoingia getini nikawahesabu kwa ajili ya soda: kumi na nne. Nikahesabu tena: kumi na tano. Mara ya kwanza nilikuwa nimewahesabu waliosimama.

Wa kumi na tano alikuwa kwenye kitimwendo, anajiendesha mwenyewe, tena ametangulia, naye ndiye Mwalimu Foibe, bibi harusi mtarajiwa. (Shangazi yake aliyeweka nafasi hakuniambia, nami sikuuliza. Nilichouliza ni idadi ya sahani.)

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ukumbi ni wako."

Akausogelea mteremko, akauangalia kutoka chini mpaka juu. "Mama, huu ni wa kupandia au wa kuanikia mtama?"

Mtu mwenye akili angeomba radhi palepale. Mimi nikaona mteja anaponda bidhaa ili apate punguzo. "Unapandika vizuri tu," nikasema, "ni mikono kuzoea."

"Basi panda nione."

Akavuta kiti cha plastiki, akajihamishia pale kwa mikono yake, upesi kuliko mimi ninavyotoka kitandani, akanisogezea kitimwendo chake. "Nakuazima. Usiniharibie, Jumamosi nina kazi nacho."

Nikakaa, na gauni langu la kitenge lenye kitambaa cha watu watatu. Nikajisukuma mara nne, nikafika katikati, nikaanza hata kutabasamu. Msukumo wa tano ukanishinda. Tairi zikateleza kwenye niru, nikaanza kurudi, nikapiga kelele, "Nishikeni!" na wale watu wote, pamoja na mkaguzi, wakapisha. Wakapisha kwa adabu, kama wanavyopisha gari la maharusi. Chini kulikuwa na karai la chokaa ya kupaka mawe ya getini. Kitenge kikanasa kwenye gurudumu la kulia, kitimwendo kikazunguka, kikanimwaga ubavuni, nikakaa ndani ya karai kama mtu aliyekaribishwa. Shangazi, nadhani kwa mazoea tu ya kuona mwanamke amevaa nyeupe, akapiga kigelegele.

Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Foibe peke yake hakucheka.

"Kiti changu kizima?"

"Kizima," mkaguzi akasema.

"Mama, umeumia?"

"Hapana, mwanangu."

"Sasa Jumamosi ulitaka mimi nifanyweje? Wajomba waninyanyue kama gunia, gauni limepanda magotini, wakwe wanaangalia? Nimebebwa shule nzima, nikabebwa chuo kizima. Siku hiyo nataka kuingia mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Shangazi akabeba pochi yake. "Twendeni, kumbi ziko nyingi." Mkaguzi alikuwa ameshairudisha kalamu mfukoni.

Nikiwa bado kwenye karai, nikafanya kitu pekee ninachokijua. "Kumi na mbili," nikasema.

Foibe kimya. (Sokoni anayenyamaza ndiye wa kuogopwa.)

"Kumi na nne! Bila niru. Na vyuma vya kushikia pande zote mbili."

"Lini?"

"Ijumaa jioni."

"Ijumaa asubuhi. Na mlango wa choo upanuliwe."

Nikakubali. Ndiyo biashara pekee maishani mwangu niliyoipandisha mimi mwenyewe.

Fundi akarudi (hakusema neno, ila alikuwa anapiga mluzi), tukavunja, tukamwaga mita saba, nikawa nazimwagilia maji asubuhi na jioni kama mche. Ijumaa mkaguzi akapima, akapima tena, nikampenda kwa hilo, akasaini.

Jumamosi Foibe akapanda. Nilikuwa mlangoni nahesabu misukumo. Kwenye wa kumi na moja akasimama, moyo wangu ukasimama naye, kumbe anawapungia wakwe mkono. Wa ishirini na mmoja ukamwingiza ndani, na hakuna aliyemgusa.

Bei bado napatana, ya mchanga, ya nauli, ya chochote. Ila kipimo ambacho mwingine ndiye atakayekipanda, sikigusi tena. Na wageni wakiingia getini bado nawahesabu mara mbili, isipokuwa siku hizi naanza na waliokaa.