Utafiti wa Juu ya Dungu

Mtu akigonga debe tupu mahali popote nilipo, mkono wangu wa kulia huinuka wenyewe. Majuzi nilikuwa sokoni Garsen nanunua nyanya, kijana mmoja akaanza kugonga debe lililobonyea ubavuni ili alinyooshe, nami nikajikuta nimepaza sauti katikati ya watu, "Haaa! Haaa-yee!" Mwenye nyanya alinitazama kama mtu aliyepandwa na mashetani. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa hapo karibu, kwa hiyo habari zilifika shuleni kabla sijafika mimi. Basi acheni niwaeleze, maana kichaa hiki kina chanzo chake, na chanzo chenyewe ni kazi ya Jiografia.

Nilikuwa kidato cha nne, nalala bwenini. Mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwembamba, shati limechomekewa hata siku ya Jumapili. Katikati ya muhula, siku ya kwenda likizo fupi, alituandikia ubaoni kazi ya kwenda nayo nyumbani: utafiti. Kila mmoja achague jambo la kwao, aandike kichwa, tatizo, malengo, maswali, matokeo na hitimisho, tena kwa Kiingereza kilichonyooka. "Sitaki maneno ya kitabuni," alisema. "Nataka jambo ulilolishuhudia kwa macho yako." Na asiyeleta kazi siku ya kurudi angegeuzwa langoni, akamlete mzazi.

Mwenzangu wa dawati, Fatuma, binti wa mwenye duka pale Garsen, hakushtuka hata kidogo. Aliamua kuandika juu ya soko la mifugo, na watu wa kuhoji wote walikuwa wakija wenyewe dukani kwa baba yake kunywa chai. Alinigawia karatasi zake za fulskepu zilizonuka sabuni ya kipande, akaniambia nisihangaike. Mimi nilichagua kilimo cha mpunga kwetu Hewani na matatizo yake, nikapanda gari nikiwa na kichwa cha utafiti na matumaini, basi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama amefunga kanga kibwebwe, kikapu mlangoni. Nyanya yangu alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, amelazwa hospitali ya Ngao, na mgonjwa wa namna ile lazima awe na mtu wa kumgeuza na kumlisha. Baba alikuwa kibaruani Malindi. Na kule bondeni, jamani, mpunga wetu ulikuwa umeingia maziwa.

Asiyekulia kwetu hajui maana ya maneno hayo. Mpunga ukiingia maziwa, ukibonyeza punje inatoa ute mweupe, na shamba lote linanuka kama unga mbichi uliomwagikiwa na maji. Harufu hiyo ndiyo inayowaita kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka. Wanakuja kundi kwa kundi, wanatua, wananyonya, wakiondoka wamekuachia makapi yaliyosimama wima, ukiyatazama kwa mbali unadhani una mpunga. Kwa hiyo kila shamba lina dungu lake, jukwaa la miti lenye paa la makuti, na mtu hupanda huko alfajiri akiwa na kombeo, rundo la vidonge vya udongo na debe la kugonga, akashuka jua likizama.

"Mpunga ndio chakula chetu mpaka msimu mwingine," mama aliniambia. "Ukiliwa, tutakula hizo karatasi zako." Akachukua kikapu chake akaenda Ngao, na mimi nikabaki na vitu viwili vya kuokoa. Nikipoteza mpunga, tungelala njaa. Nikikosa kazi ya mwalimu, mama angeitwa shuleni, amwache nyanya kitandani bila mtu. Niliogopa vyote viwili sawasawa.

Asubuhi ya kwanza nilipanda dunguni na kombeo begani na fulskepu kifuani. Kila nikiandika mstari, kundi lilikuwa limeshatua. Nilisimama, nikapiga kelele, nikarusha, nikakaa, nikatafuta kalamu, wakarudi. Msituni kima walikuwa wakigombana, nikahisi wananicheka mimi. Kabla ya saa nne sauti ilikuwa imekauka, na kwenye karatasi pana neno "Utangulizi" na alama ya kidole cha tope.

"Wee Salome!" Sauti ilitoka dungu la upande wa mto. Ni Mama Komora, jirani yetu, mwanamke mfupi mwenye kifua cha kengele. "Unasali huko juu au umelala?"

Nikamjibu kwa kupaza sauti kwamba naandika kazi ya shule, natakiwa kuwahoji wakulima, na siku zinaniishia.

"Kuhoji ndiyo nini?"

"Kuuliza maswali, mama!"

"Si uulize! Nani kakufunga mdomo?"

Nikamweleza kwamba mwalimu anataka nimhoji kila mtu peke yake, faraghani, tumekaa kitako. Hapo Mama Jillo, mwenye dungu la upande wa msitu, alicheka mpaka ngazi yake ikatikisika. "Msimu wa ndege huu, nani ana faragha?" Na kweli. Kwetu mpunga ukiingia maziwa hakuna anayemtembelea mwenziwe. Salamu za asubuhi hupita dungu kwa dungu mpaka mwisho wa bonde, na majibu yakarudi kwa njia ile ile. Habari za uchumba, misiba, nani kajifungua, zote hupigiwa kelele juu ya mpunga, na kila mtu huzisikia. Basi nikasimama, nikakunja mikono mdomoni, nikaanza utafiti wangu.

"Mama Komora! Umelima mpunga tangu lini?"

"Tangu nilipoolewa!"

"Muongo huyo!" akadakia Mama Jillo. "Alipoolewa hakujua hata kushika jembe! Mama mkwe wake ndiye aliyemlimia. Andika, tangu mama mkwe wake afariki!"

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, nikala huo mpunga wa mama mkwe! Haaa-yee!" Hilo la mwisho lilikuwa la ndege.

Wakabishana weee, na mimi nimesimama na kalamu, mpaka wakakubaliana mwaka. Nikauliza matatizo yanayowakabili. Ndege, wakasema. Viboko. Mto ukikataa kufurika. Mto ukifurika kupita kiasi. "Na mume wangu!" alimalizia Mama Jillo, na bonde zima likaangua kicheko, mpaka madungu ya mbali ambayo sikuweza kuzitambua nyuso za watu wake. "Umeandika?"

"Nimeandika, mama!"

"Kwa Kizungu?"

"Kwa Kizungu!"

"Vizuri. Akasomwe huko shuleni."

Kutoka hapo kazi ilikwenda. Wao wakinijibu kwa Kipokomo, mimi nikiandika kwa Kiingereza, nikikwama nawaomba warudie, wakirudia taratibu kama watu wanaompa mtoto uji. Jambo la ajabu ni kwamba ndege nao walipungua. Kila nikiinua kichwa, kundi lilikuwa linapita juu ya shamba letu, linasitasita, halafu linakwenda kutua chini kule upande wa mto, kwenye shamba la Mama Komora. Mara moja moja nilisikia vidonge vya udongo vikianguka kwenye mpunga wetu, pwa! pwa!, nikajisemea moyoni, masikini Mama Jillo, shabaha imemwisha. Nikaendelea kuandika.

Na kwa kuwa mwalimu alitaka nililolishuhudia mwenyewe, nikaliweka hilo kwenye matokeo. Nikaandika kwamba kwelea wa Tana hupendelea mashamba yaliyo karibu na mto, na kwamba yaliyo katikati ya bonde huwa hayaguswi sana. Nikachora hata ramani ndogo, mishale ya ndege ikielekea majini. Lo, nilivyojiona! Nilijiona msomi kamili, miguu inaning'inia kutoka dunguni, mchanganuzi wa tabia za viumbe.

Siku ya kurudi shule mama alikuja asubuhi na mapema kutoka Ngao kushika kombeo lake, maana shangazi alikuwa amefika kumpokea zamu ya nyanya. Alizunguka shamba, akabonyeza punje hapa na pale, akawatazama majirani zake juu ya madungu, kisha akaniambia niende nisichelewe gari. Sikusifiwa, lakini mpunga ulikuwepo. Tulivuna, tukala, na nyanya alirudi nyumbani akitembelea mkongojo na kulalamikia uji wa hospitali.

Mwalimu alirudisha kazi zetu baada ya siku chache. Penye neno "mume" alikuwa amezungushia duara jekundu na alama ya kuuliza. Penye njia ya kuhoji alinikaripia, akasema watu wakisikiana majibu wanaambukizana. Lakini kando ya matokeo yangu juu ya kwelea kulikuwa na vema moja kubwa na maneno: "Uchunguzi mzuri sana. Hili halimo vitabuni." Akaisoma sehemu hiyo mbele ya darasa, Fatuma akinifinya paja chini ya dawati. Nadhani hiyo ndiyo siku nilipoamua kwamba nitasomea Jiografia. Nimeisomea, na leo naifundisha hapa hapa Garsen. Tena, Mungu anisamehe, nimewafundisha watoto wa watu kwamba kwelea hupendelea kando ya mto.

Mwaka huu mama amevimba miguu, hawezi ngazi. Likizo ilipofika nikamwambia apumzike, nitalinda mpunga mimi, nina karatasi za mtihani za kusahihisha na naweza kuzisahihisha dunguni vizuri tu, si nilishafanya hivyo zamani? Alinitazama, akanipa kombeo lake. Shamba ni lile lile, katikati ya bonde. Kwa Mama Jillo, ambaye alishafariki, sasa ni kichaka, na shamba la Mama Komora limelala tangu alipohamia Idsowe kwa binti yake. Nikapanda, nikakaa, nikafungua karatasi ya kwanza.

Walikuja kama walioalikwa. Sijamaliza swali moja, wametua. Nikiwafukuza kona hii wanatua ile. Hawakuuliza mto uko wapi. Ilipofika adhuhuri karatasi zilikuwa chini kwenye tope na mimi nalia kwa hasira, mtu mzima, mwalimu wa watu. Jioni nikamwambia mama kwamba ndege wa siku hizi wamebadilika tabia, zamani hawakuwa wakija katikati.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Ala! Wewe ulidhani ndege wa wakati ule waliogopa kalamu?"

Ndipo akanieleza. Wale wanawake walikuwa wamegawana shamba letu bila kuniambia, Mama Jillo nusu ya msituni, Mama Komora nusu ya mtoni. Vile vidonge vilivyoanguka kwenye mpunga wetu havikuwa vya mtu aliyepoteza shabaha. Na mtu mmoja hawezi kutazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja: kila Mama Komora alipougeuzia uso mpunga wetu, ndege walitua kwenye kona yake ya chini. Mwaka ule kona hiyo ililiwa yote, hakuvuna hata punje. Na mimi nikachora ramani yake, nikaweka na mishale.

Usiku huo nilijiuliza mambo mengi. Niliona aibu, kisha nikafurahi, kisha nikamkumbuka Mama Jillo na kicheko chake, uchungu ukanishika kwa kuwa sikumwambia ahsante akiwa hai. Ukiwa mtoto unadhani ukivuka salama umevuka kwa akili zako. Huulizi nani alikuwa akihangaika pembeni, kwa sababu hakuna anayekupigia kelele kukujulisha.

Asubuhi nikamwomba binamu yangu anishikie dungu, nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda Idsowe. Mama Komora alikuwa amekaa ukumbini anachambua kunde, macho yamefifia lakini kile kifua cha kengele bado kimo. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa mkekani, nikamsaidia kuchambua. Nilipoona siwezi kuzunguka zaidi nikasema, "Mama, nimesikia kona yako ya chini ililiwa kwa ajili yangu."

"Nani kakwambia? Ah, mama yako naye ana mdomo!" Akatupa kunde mbovu uani. "Kona yenyewe haikuwa kubwa."

"Kwa nini hamkuniita? Mngeniita tu, ningesimama."

Alinigeukia kama nimeuliza jambo la kipumbavu. "Tungekuitaje, mwanangu? Kila tukitazama, umeinama unaandika. Tukaambiana, huyu asiinuliwe."