Magoti ya Mke Mwenzangu

Mume wetu alipokuwa hai, watu walidhani mimi na mke mwenzangu tunaoneana wivu kwa ajili yake. Walikosea. Alikuwa mtu wa kugawa mambo sawasawa, na wivu uliokuwepo ulikuwa mdogo tu, wa sukari na sabuni. Wivu wenyewe ulinijia nikiwa na miaka sitini na mbili, mume wetu ana mwaka wa nne kaburini, na haukuwa wa mwanamume. Niliyaonea wivu magoti yake.

Mimi nilizaliwa Kegonga, kwetu Kuria. Mume wetu alikuwa bwana shamba, akapelekwa huko kufundisha watu kilimo, nami nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, mwalimu wa michezo. Akanioa akanileta kwao, upande huu wa Homa Bay, mbali kidogo na Oyugis. Nilimkuta mke wake wa kwanza. Wajaluo humwita mke wa kwanza mikayi, na wa pili nyachira. Ndivyo tunavyoitana hadi leo. Siku hiyo mimi sikujua Kijaluo na yeye hakujua Kikuria, kwa hiyo tulisalimiana kwa Kiswahili. Kijaluo nilikuja kukijua, mpaka naota kwa Kijaluo, lakini Kiswahili kilibaki lugha yetu sisi wawili, hasa tukigombana.

Mimi ndiye niliyekuwa mwanariadha. Jambo hilo lieleweke. Nilikimbia tangu msichana, na nilipokuwa mwalimu nilifundisha netiboli miaka thelathini na zaidi, filimbi shingoni, nikikimbia uwanjani pamoja na wasichana. Mikayi hakuwahi kukimbia hata akinyeshewa. Alikuwa mtu wa kutembea polepole na jembe begani. Ana miaka saba zaidi yangu.

Mwaka wa pili baada ya kustaafu niliteleza kwenye njia ya mtoni, debe la maji mkononi, goti la kulia likajipinda chini yangu. Lilivimba likawa kama kichwa cha mtoto. Uvimbe ulipoisha, maumivu hayakuisha, na goti la kushoto nalo, kwa kubeba mzigo wa mwenzake, likaanza kulalamika. Hospitalini waliniambia ule mpira ulio katikati ya mifupa umelika. Kijana wa mazoezi ya viungo akanionyesha la kufanya: nikae kitini, ninyooshe mguu, niushikilie hewani huku nikihesabu hadi kumi, niushushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Tena nitembee kila siku, hata kidogo.

"Usikae tu, mwalimu," alisema. "Goti likikaa linakufa."

Niliyafanya ndani ya nyumba, mlango umefungwa, maana sikutaka Mikayi anione. Nyumba yake inatazama lango la boma, na yangu iko pembeni yake. Kupitia dirishani, mguu wangu ukitetemeka hewani kwenye hesabu ya sita, nilikuwa namwona anainama kufagia uwanja. Alikuwa anainama kutoka kiunoni, miguu imenyooka kabisa, akifagia kutoka mlango wake hadi langoni, kisha anachuchumaa, ndiyo, anachuchumaa, anaokota takataka, anainuka bila kushika kitu chochote. Mimi choo chenyewe kilikuwa kimenishinda, mpaka mwanangu aliponitengenezea kiti cha mbao chenye tundu. Nilimtazama akichuchumaa nikahisi uchungu kooni, kama mtu aliyemeza dawa bila maji. Miaka yote ile niliyokimbia nilikuwa naweka akiba ya nini, ikiwa aliyekuja kuila ni yeye?

Kanisani kwetu kulikuwa na kikundi cha wazee cha mazoezi. Kiliongozwa na muuguzi mstaafu, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa. Kila Jumatano tulikutana kwenye uwanja wa kanisa, tukanyoosha mikono, tukasimama mguu mmoja huku tumeshika viti, kisha tukazunguka kanisa. Nilijiunga nikiwa na miaka sitini na minne, nikiamini kwamba hapo mtu mwenye ujuzi ataonekana. Wiki ya tatu muuguzi alipiga makofi akasema, "Leo nataka mtu atuongoze mbele, mwenye mwendo mzuri." Nilianza kuinuka kitini. Yeye akasema, "Mikayi, njoo."

Mikayi akaenda mbele akiona haya, leso amejifunga kiunoni, sote tukamfuata. Mimi, mwalimu wa michezo, nilikuwa mtu wa mwisho kuzunguka kanisa.

Kisha ukaja mwaliko. Wazee wa makanisa ya huku kwetu wangekutana kwenye uwanja wa shule moja Oyugis, washindane kutembea, kurusha mpira, na kuvuta kamba. Mikayi akachaguliwa kutuwakilisha katika mbio za kutembea. Alinunua raba, viatu vyake vya kwanza vya kufunga kamba. Akaja kwangu nimfundishe kuvifunga. Nilipiga magoti? La, singeweza. Aliweka mguu juu ya kiti changu nikamfunga, na mguu ule ulikuwa mwembamba, mgumu, hauna hata mshipa uliovimba.

"Inanifinya kidogo," alisema.

"Itapanuka," nikajibu.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe muuguzi alinipigia simu. Simu ya Mikayi ilikuwa imeharibika kioo, basi habari zake zote zilipitia kwangu. "Gari litaondoka kanisani saa moja asubuhi, si saa tatu," alisema. "Mwambie na Mikayi."

"Nitamwambia," nikasema.

Nilitoka nje. Mikayi alikuwa mlangoni kwake anachambua njugu. Ilikuwa hatua kumi na tano hivi. Nilisimama, nikamtazama, akainua kichwa akauliza, "Goti inasema nini leo?"

Sijui kwa nini swali hilo ndilo lililoniharibu. Labda kwa sababu aliuliza kwa wema. "Iko sawa," nikasema, nikarudi ndani.

Asubuhi sikupitia langoni, maana langoni ni mbele ya mlango wake. Nilipitia nyuma, kwenye pengo la ua ambalo mbuzi hutorokea. Mwanamke wa miaka sitini na minne, mwalimu mstaafu, amevaa suti ya mazoezi, anapenya pengo la mbuzi kwa ubavu. Goti lilipiga kelele. Nikafika kanisani, muuguzi akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nilisema hajisikii vizuri. Gari likaondoka.

Siku ile nilifanya vizuri. Kulikuwa na shindano la kurusha mpira mzito ukiwa umekaa kwenye kiti, na mikono yangu haijawahi kuniuma. Niliurusha mbali kuliko wanawake wote. Nikapewa beseni jekundu, watu wakapiga makofi, na kwa nusu saa nzima nilikuwa tena mtu niliyekuwa.

Halafu mzee mmoja wa kanisa letu akanyoosha kidole kuelekea lango la shule. "Si yule ni Mikayi?"

Alikuwa yeye. Alikuwa ametembea. Kutoka kwetu hadi Oyugis ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa mtu mzima mwenye nguvu, na kuna vilima. Vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini, yale magoti. Alikuja moja kwa moja akatusalimia kwa mkono, mmoja baada ya mwingine.

"Ulisema mgonjwa!" muuguzi akanigeukia.

Kabla sijafungua mdomo Mikayi akasema, "Tumbo ilikuwa inasumbua. Sasa imeacha."

Sikuthubutu kumtazama. Mbio za kutembea zilikuwa karibu kuanza. Walimwambia apumzike, akakataa, akanywa maji akaingia mstarini. Mizunguko mitatu ya uwanja. Alikuwa wa pili. Aliyemshinda alikuwa na miaka sitini tu. Habari za yule bibi aliyekuja kwa miguu zikaenea, watu wakamzunguka, wengine wakapiga naye picha. Nilikaa kwenye gari nikiwa na beseni langu mapajani, na aibu niliyopaswa kuona haikuja. Kilichokuja ni hasira kwamba hata nilipomfungia njia, njia yenyewe ilimpa sifa.

Tuliporudi nyumbani aliivua ile raba uani. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimechunika, nyama iko nje. Aliosha kwa maji ya chumvi akaingia kulala.

Siku ya nne hakutoka kufagia. Siku ya tano alitoka anachechemea, ameshika ukuta. Naandika ilivyokuwa: nilifurahi. Nilichukua fimbo yangu nikavuka uwanja nikitembea wima kadiri nilivyoweza, nikasimama mbele yake nikasema, "Pole. Umri ni umri."

Lakini kidonda hakikukauka. Mguu ukavimba hadi kwenye kifundo. Muuguzi alikuja kumwona, akainama kunusa kidonda, uso wake ukabadilika. Tukampeleka zahanati kwa pikipiki, mimi nyuma kwa pikipiki nyingine. Huko wakampima damu wakakuta ana sukari, na hakuna aliyewahi kujua. Daktari alisema kwa upole kwamba mtu mwenye sukari, kidonda cha mguu si kitu cha kuchezea, na kwamba wengine hupoteza mguu.

Nilitoka nje nikaketi kwenye benchi. Niliwaza mguu ule aliouweka juu ya kiti changu nikafunga kamba, akaniambia kiatu kinamfinya.

Nilimwambia siku hiyo hiyo, tulipofika nyumbani, kabla moyo haujabadilika. Alikuwa amekaa, mguu juu ya kigoda.

"Mikayi, muuguzi alinipigia simu. Alisema saa moja. Sikukuambia makusudi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuona ukitoka kwa pengo ya mbuzi." Akatingisha kichwa. "Nilidhani utakwama."

"Mbona hukuniita?"

"Nikuite niseme nini? Nilivaa kiatu, nikapata gari imeenda, nikaanza kutembea. Nilikuwa na hasira mpaka Oyugis. Ndio maana nilifika haraka."

Nikaanza kulia, akaniacha nilie. Halafu akasema, "Mwaka ule ulikuja hapa, ulikuwa unakimbia na watoto wa shule mpaka kwa barabara. Mzee anasimama hapo kwa lango anakuangalia, anacheka. Mimi niko na jembe. Nilikuwa naomba Mungu uanguke."

"Uliomba hivyo?"

"Kila siku. Na hukuanguka, miaka yote hiyo mpaka umestaafu." "Huyo Mungu anasikia, lakini anachelewa sana."

Tulicheka hadi nikashika mbavu. Sitasema kwamba kicheko kilifuta kitu. Nililala vibaya majuma mengi, nikisubiri kila asubuhi kuona rangi ya vidole vya mguu wake.

Kidonda kilichukua karibu miezi mitatu. Muda huo kazi za boma zilikuwa zangu: kufagia, kuchota maji kidogo kidogo kwa kidebe, kwenda sokoni kumtafutia mboga badala ya ugali mwingi. Goti liliniuma sana mwanzoni, kisha likaniuma kiasi. Na jioni Mikayi aliagiza kiti changu kiletwe mlangoni kwake nifanye mazoezi yangu hadharani. Alinihesabia kwa Kijaluo, achiel, ariyo, adek, akiburuta kila namba makusudi, na nikishusha mguu mapema anaanza upya.

"Umerudia moja!" nilimlalamikia.

"Mwalimu hakuna anayemwibia hesabu," anasema. "Inua."

Akapona. Nilidhani mtu akinusurika hivyo hupungua kidogo, lakini yeye alirudi vilevile. Siku ya kwanza alipochuchumaa tena uani kuokota maganda, nilimshukuru Mungu kwa sauti, na chini ya shukrani ile nikausikia ule uchungu kooni, palepale pake.

Sasa tunatembea pamoja asubuhi, yeye na viatu vipana alivyoshauriwa zahanati, mimi na fimbo. Hunitangulia, kisha husimama kwenye kona kunisubiri akijifanya anatazama mahindi ya watu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kegonga kwenye harusi ya mjukuu wa kaka yangu, naye akanisindikiza. Kwetu ni vilima tupu. Kutoka barabarani hadi kwa kaka njia inapanda, na mimi nilipanda nikisimama kila baada ya hatua kumi. Mikayi alifika juu kitambo, akaketi, akanywa uji, akajuana na watu wote.

Nilipofika natweta, kaka yangu mzee alikuwa anamtazama kwa mshangao. Akaniuliza mbele ya watu, kwa Kiswahili ili mgeni asikie, "Kwani kati yenu ninyi wawili, mkimbiaji alikuwa nani?"

Watu wakacheka. Hii ilikuwa nyumbani kwangu, udongo niliokimbia juu yake bila viatu, na hata hapa ameshika nafasi yangu. Nikasema, "Ni mimi niliyemfundisha." Uongo mtupu.

Mikayi alishusha kikombe chake. Nilijua anaweza kunimaliza kwa neno moja.

"Ni kweli," alimwambia kaka yangu. "Kila kitu cha miguu, ni yeye amenifundisha." Kisha akasogea kwenye benchi, akanipisha upande wenye ukuta ili mgongo wangu upate pa kuegemea.

Nilikaa. Nilimwonea wivu kwa hilo pia.